Kimya Kule Bayon

Mwaka 2005 Afra binti Soud alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kila mtu katika ukoo wao alikuwa amechoka kumngojea aolewe, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuchoka. Alikuwa mkunga. Kutwa nzima alipokea watoto wa wenzake, akawafunga vitambaa, akawapongeza mama zao, halafu akapanda treni kurudi Ilford, mashariki ya London, kwenye nyumba aliyokaa na baba yake. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Baba yake, Bwana Soud, alikuwa karani mstaafu wa posta. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kusoma magazeti yote hadi matangazo ya vifo ya watu asiowajua, na alimpenda binti yake huyo wa pekee kuliko alivyoweza kusema. Ndiyo maana Afra hakupata kumkasirikia waziwazi, hata pale alipostahili.

Na aliyemfanya Afra awe hana mume alikuwa Musab.

Walikutana kwenye harusi ya jamaa. Musab alichelewa, akaingia ukumbini amevaa kanzu safi iliyopigwa pasi, lakini nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, akabadili nguo ndani ya gari na kusahau uso. Afra alimtazama, akacheka, na Musab alipouliza anacheka nini, Afra akampa kioo chake cha mkobani. Yakaanzia hapo.

Kazi ya Musab ilikuwa kutengeneza mawe ya majengo ya kale. Alizaliwa Wete, akaletwa London mdogo, na badala ya kusomea uhasibu kama mama yake alivyotaka, akajifunza kuosha masizi kwenye kuta za makanisa, kuziba nyufa na kuchonga upya pembe zilizoliwa na mvua. Bwana Soud aliiona kazi hiyo kuwa ya ajabu kidogo, lakini alinyamaza. Kuta ni kuta, alisema, na mtu anakula kwa jasho lake. Kisha Musab akapata kontrakti ya miaka miwili kule Kambodia, kwenye hekalu la kale la Wakhmer liitwalo Bayon, lenye minara iliyochongwa nyuso kubwa za watu pande zote nne. Hapo Bwana Soud akaweka gazeti chini.

"Kuosha kuta nilivumilia," alimwambia Afra. "Sasa mkwe wangu akasugue nyuso za masanamu? Nitawaambia nini watu?"

Afra alimsihi Musab aseme tu kwamba anakwenda kwenye kazi ya ujenzi. Musab akakataa. Alisema hawezi kuanza kumdanganya mtu anayetaka kumwita baba. Waligombana, wakapatana, na Musab akaahidi kwamba kabla ya kuondoka atakuja rasmi kuzungumza na Bwana Soud.

Kabla siku hiyo haijafika, Bwana Soud akaanguka jikoni. Ulikuwa moyo. Alipasuliwa, akakaa siku nyingi hospitali na mipira puani, na katika siku hizo zote Musab alikuja kila jioni na chupa ya supu aliyopika mwenyewe. Afra alipomwona anamnywesha baba yake kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu, aliamini kwamba mambo yao yamekwisha kuwa mazuri.

Jioni moja Musab alitoka kwenye chumba cha mgonjwa akampita Afra kwenye ukumbi wa hospitali kama hakumwona. Tangu hapo hakutaja ndoa tena. Wiki zilizofuata alikuja mara moja tu, akaaga, akaondoka kwenda Kambodia.

Alikuwa akiandika. Hilo ndilo lililomtesa Afra zaidi. Kila wiki ilikuja barua pepe yenye habari za mvua, za joto, za popo wanaoishi ndani ya minara, za bosi wake Josée aliyekuwa mkali kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Afra akiuliza juu yao wawili, jibu lilikuja na habari za mawe. Akiuliza tena, jibu lilichelewa, kisha likaja na habari za mawe mengine. Angemchukia kama angeacha kuandika. Lakini hakuacha, na mwisho wa kila barua alimwombea dua.

Ndipo watu wa Asad wakaleta posa. Asad alikuwa daktari wa meno kutoka Kenton, kijana wa Kizanzibari mwenye sura njema na maneno ya adabu, na hakuna aliyeweza kumtia kasoro. Bwana Soud hakumshurutisha binti yake. Alimwambia tu kwamba watu wanangoja, kwamba yeye moyo wake hauaminiki tena, na kwamba angependa apewe jibu baada ya likizo.

Likizo yenyewe ilikuwa ya kwenda Bangkok na shangazi yake, Bi Mardhiya, dada wa Bwana Soud, aliyekuwa na duka la vitambaa Peckham na kila mwaka alikwenda kuchagua hariri mwenyewe. Bi Mardhiya alikuwa mjane mnene, mwenye magoti mabovu na macho makali. Siku ya tatu Bangkok, wakiwa wanakula chakula cha asubuhi, alimwambia mpwa wake kwamba amekata tiketi za ndege ndogo ya kwenda Siem Reap, mji ulio karibu na Bayon, kwamba ni mwendo wa saa moja tu, na kwamba hataki kusikia kisingizio.

"Mwanamke hawezi kumjibu mtu wa pili na wa kwanza hajamaliza sentensi," alisema. "Nenda kamsikilize amalizie. Mimi nitakuwepo, ili pasiwe na maneno."

* * *

Musab aliwafuata hotelini asubuhi. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi kwa jua, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo. Alimwamkia Bi Mardhiya kwa heshima zote, akamuulizia magoti. Halafu akamgeukia Afra. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, tangu kwenye ushungi hadi kwenye viatu, kisha akarudi usoni na macho yakabaki hapo.

"Umefika," alisema.

"Nimefika," alijibu Afra.

Alingoja neno jingine. Musab akachukua mkoba wa Bi Mardhiya, akatoka nao nje.

Walipanda pikipiki yenye kigari cha kukokotwa, na Musab, badala ya kukaa nao, akapanda nyuma ya dereva. Njia nzima Afra alitazama mgongo wake. Walipita chini ya miti mirefu, wakavuka daraja lenye safu za masanamu ya mawe yaliyokaa kuvuta joka, wakapita chini ya lango lenye nyuso nne. Kisha msitu ukafunguka, na Bayon ikawa mbele yao.

Kwa mbali ilionekana kama rundo la mawe yaliyobomoka. Walipokaribia, Afra aliona jicho, akaona pua, akaona mdomo mpana, na ghafla kilima kizima kikawa watu. Nyuso zilikuwa kila mnara, kila upande, kubwa kuliko mlango wa nyumba, zimechongwa kwa mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila ya kufichwa viungo vyake. Bi Mardhiya alisoma aya kimyakimya, akasema kwamba hata hivyo waliojenga hawakuwa wavivu.

Afra alikuwa amejiandaa usiku kucha maneno ya kusema. Lakini kila alipotaka kuanza, kulitokea jambo. Kwanza lilikuja kundi la watalii wakimfuata mwanamke mwenye bendera ndogo, wakawatenganisha. Walipokutana tena Musab akaanza kueleza jinsi mvua inavyoingia kwenye viungo vya mawe na kuyasukuma polepole. Afra akamkatiza, akamuuliza kama barua zake zote alizisoma. Musab akajibu kwamba alizisoma, tena zaidi ya mara moja. Afra akavuta pumzi aulize la pili, na hapo sauti ya kike ikamwita Musab kutoka juu ya jukwaa la miti. Alikuwa Josée, mama wa Kikanada mwenye nywele za mvi na kofia ya majani, na alitaka Musab aende akatazame ufa ambao asubuhi ile ulionekana umepanuka. Musab aliomba radhi, akaenda. Walingoja muda mrefu kwenye jua.

"Huyu mtoto anafanya kazi siku yake ya mapumziko," alisema Bi Mardhiya.

"Amefurahi kuitwa, Shangazi. Hukumwona?"

Musab aliporudi alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi. Afra alipoliona alitaka kulia papo hapo, akatazama pembeni.

Walizunguka ukuta wa nje, ambao umechongwa mambo ya watu wa kawaida wa zamani zile, watu wa soko, wapishi, wachezesha majogoo. Bi Mardhiya alifika kwenye mchongo wa wanawake wanaouza samaki, akasimama. Mmoja wa wanawake wale alikuwa ameinua mkono kama anayebishana bei. Bi Mardhiya alisema amemjua, ni yule wa soko la Darajani, Unguja, aliyempunja kwenye mizani mwaka fulani, na kwamba yeye hatoki hapo. Magoti yake hayawezi ngazi zile. Wao wapande, yeye atawaona kutoka chini.

Musab alisita. Afra akatangulia.

Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba na zimesimama wima. Musab alipanda nyuma yake, akimwelekeza pa kuweka mguu, na mara moja Afra alipoteleza alihisi mkono wake uko tayari nyuma ya mgongo wake, karibu sana, lakini haukumgusa. Walipofika juu walisimama wote wawili wakihema. Huko nyuso zilikuwa karibu kabisa. Kila Afra alikogeuka alikuta mashavu ya mawe yenye madoa ya kuvu, macho yamefumbwa nusu, na midomo ile minene inayotabasamu kidogo tu, kama ya watu wanaojua jambo na hawana haraka ya kulisema.

Musab alianza kumweleza kwamba wataalamu hawakubaliani nyuso hizo ni za nani. Wengine husema ni za mfalme aliyejenga hekalu, wengine husema ni za mtakatifu wao wa huruma.

"Musab," alisema Afra. "Mimi sikuja kuona mawe."

"Najua."

"Basi kama unajua, mbona tangu asubuhi hunisemeshi ila mawe?"

"Kwa sababu mawe naruhusiwa kuyasema."

Mara tu alipomaliza Afra aliona amejuta. Alifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa imekauka.

"Unaruhusiwa? Na nani?"

Na kama vile siku hiyo ilikuwa imeapa kumtesa Afra, akatokea mzee mmoja wa Kijapani na mkewe, wakainama kwa adabu na kumnyooshea Musab kamera. Musab akaipokea kama aliyeokolewa majini. Akawapiga picha mbele ya uso mmoja, wakataka na mbele ya uso mwingine, akawapiga. Bibi yule alimshika mumewe mkono wakati wa picha ya pili. Afra aliwatazama mpaka wakaondoka.

"Kuna mtu ameniposa," alisema.

Musab aligeuka.

"Anaitwa Asad. Daktari wa meno. Baba anataka jibu nikirudi."

Musab alikaa juu ya jiwe. Kwa muda alitazama chini kwenye viatu vyake, na aliponyanyua kichwa macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni mtu mzuri?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?" Sauti ya Afra ilipanda, akaishusha kwa sababu ya watalii. "Ndiyo. Ni mtu mzuri. Ana adabu, anasali, na akiwa na jambo moyoni hulisema kwa mdomo wake. Nimepanda ndege mbili, nimemficha baba yangu nilipo, nimemchosha shangazi yangu, ili nije niulizwe kama Asad ni mtu mzuri."

"Afra."

"Niambie nisimkubali. Sitaki hotuba. Niambie tu nisimkubali, na leo leo nitampigia baba."

Musab alifungua kinywa. Afra aliona kabisa kwamba maneno yapo, yamefika mpaka kwenye meno. Alisogea hatua moja mbele kama anayetaka kuyapokea.

"Siwezi," alisema Musab.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Je, hunipendi?"

Hapo Musab alisimama, akampa mgongo, akaweka kiganja chake juu ya shavu la uso wa mawe uliokuwa karibu, akaegemea hapo. Mabega yake yalitikisika. Afra alikuwa hajawahi kumwona Musab analia, na kwa sekunde chache hasira yake yote ilitaka kuyeyuka. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa ameingojea siku hii muda mrefu mno, na alichopata ni mgongo tena, mgongo ule ule alioutazama njia nzima. Aliokota mkoba wake, akasema kwaheri, akaanza kushuka ngazi.

"Muulize baba yako," Musab alisema kutoka juu.

Afra alisimama, ameshika kamba ya ngazi.

"Nimuulize nini?"

"Alichoniambia spitali. Muulize yeye. Mimi hapa nimeshasema zaidi ya nilichotakiwa."

Afra alimwambia ateremke amwambie mwenyewe. Musab akatikisa kichwa. Walitazamana hivyo, mmoja juu na mmoja katikati ya ngazi, mpaka watalii wenye bendera wakaanza kupanda na Afra akalazimika kuwapisha.

Bi Mardhiya alimwona mpwa wake anavyokuja, akasimama bila kulalamikia magoti. Alimshika mkono tu, wakaenda kwenye kigari, na safari hii hakuna mtu aliyekaa nyuma ya dereva.

* * *

Ndege ya kurudi London ilikuwa ndefu kupita kiasi. Bi Mardhiya alilala, na Afra alikaa macho, kila dakika akimkasirikia mtu mwingine. Alimkasirikia Musab, kisha baba yake, kisha wote wawili pamoja, kwa kuwa sasa ilikuwa wazi kwamba wanaume wawili waliompenda walikaa wakakubaliana jambo juu yake, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumwita. Yeye aliyeingiza mikono yake kwenye damu kila siku kuwaleta watu duniani, hakuaminiwa kusikia maneno ya maisha yake mwenyewe.

Asubuhi ya pili baada ya kufika, Bi Mardhiya alikuja Ilford kumletea kaka yake kitambaa cha kanzu. Bwana Soud alikuwa amekaa mezani, chai mbele yake, gazeti mkononi. Aliulizia Bangkok. Afra akasema kwamba hawakuishia Bangkok, walikwenda pia Kambodia, wakaonana na Musab.

Bwana Soud alikunja gazeti polepole. Alimtazama dada yake, na dada yake akamrudishia macho bila kupepesa.

"Baba," alisema Afra. "Ulimwambia nini Musab ulipokuwa spitali?"

"Mimi?"

"Kuna kitu ulimwambia. Tangu siku hiyo hataji ndoa. Nimekwenda mpaka mwisho wa dunia kumuuliza, akaniambia nikuulize wewe."

Bwana Soud alifikiri. Afra alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa visingizio, hata kwa machozi. Hakuwa amejiandaa kwa alichokiona, kwa maana uso wa baba yake ulikuwa mtupu kabisa, kama wa mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Mwanangu, sikumbuki kumwambia kitu," alisema. "Nakumbuka supu. Alikuwa akiniletea supu. Halafu akakata mguu. Akaja mara moja kuaga kama anayeaga ofisini. Mimi nilingoja aje aseme neno lake kabla hajasafiri, kama alivyokuambia atakuja. Hakuja. Nikasema huyu kijana kumbe hakuwa na nia, amepata kazi ya mbali, amemkimbia mwanangu. Mimi sikumchukia kwa ajili ya masanamu, Afra. Nilimchukia kwa hilo."

Bi Mardhiya alishusha kikombe.

"Soud, siku zile baada ya kisu hukuwa na akili zako," alisema. "Nesi ulikuwa ukimwita kwa jina la marehemu mkeo. Mimi ulinituma nikafunge banda la kuku, Ilford hapa, tena ukanikasirikia kwa kuchelewa. Daktari alisema ni zile dawa."

Bwana Soud alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaomba namba ya simu ya Musab.

Kule Kambodia jua lilikuwa linaelekea kuchwa. Afra aliipiga namba mwenyewe, akaisikia inaita, akampa baba yake mkono wa simu na kusimama karibu naye, amejishika mikono. Alisikia upande mmoja tu. Baba yake alisalimia. Aliulizia afya. Halafu akasema, "Mwanangu Musab, nakuuliza na nijibu. Siku ile spitali nilikwambia nini?"

Jibu lilikuwa refu. Afra alimtazama baba yake akisikiliza, na akaona rangi ikimtoka usoni kidogo kidogo, mpaka akaogopa kwa ajili ya moyo wake, akamvutia kiti. Bwana Soud akakaa bila kutazama nyuma.

"Nilikushika mkono?" aliuliza. Kisha, baada ya muda, "Na wewe ukaapa."

Alifunika simu kwa kiganja, akawageukia wanawake wawili. Aliwaeleza kwa sauti ndogo. Siku ile alikuwa amemwambia Musab asimtajie Afra ndoa, kwa barua wala kwa mdomo, mpaka yeye mwenyewe atakapomwita. Akamwambia asimwambie Afra kwamba wamezungumza, kwa sababu hataki kufa binti yake akiwa na kinyongo naye. Na Musab, aliyekuwa ameshika kijiko cha supu, aliapa. Tangu siku hiyo alikuwa akingoja kuitwa.

"Na mimi nilikuwa nangoja aje," alisema Bwana Soud. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Sikumbuki hata neno moja, wallahi. Nimewafanyia hivi na sikumbuki."

Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia tena, na hasira ilikuwa bado iko pale pale, imejaa kifua kizima. Afra aliweka mkono juu ya bega la baba yake.

Bwana Soud akarudi kwenye simu. Alimwambia Musab kwamba kiapo kile amemfungulia, kwamba kilitolewa kwa mgonjwa asiye na akili zake na hakikustahili kushikwa hata siku moja, na kwamba anamwomba radhi. Habari za masanamu, akasema, hajazikubali, na watazizungumza uso kwa uso, na Musab ajiandae. Kisha akampa binti yake simu.

Afra aliipokea. Alisikia upepo, na sauti ya pikipiki ikipita mbali, na pumzi za Musab.

"Afra," alisema Musab. "Naweza kusema sasa?"

"Sema."

"Nataka kukuoa. Nimetaka tangu siku ile ya kioo. Usimkubali Asad. Usimkubali mtu yeyote. Kule juu nilitaka kusema mpaka nikaona kifua kinapasuka, na ulipogeuka ukashuka, nilikaa pale mpaka walinzi wakaja kunitoa."

Afra alifumba macho. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyataka, yote, wala hakuna lililopungua. Alikuwa ameyangoja mvua nzima na jua zima, na sasa yamefika, akakuta hana mahali pa kuyaweka kwa jinsi alivyochoka.

"Musab, nina hasira na wewe ambayo hata sijaianza."

"Najua."

"Ungeniambia. Hata kama uliapa. Ungetafuta njia, ungenionyesha kwa jicho, ningejua. Mimi ni mtu mzima. Nilidhani naringiwa, nilidhani nimezeeka, nilidhani mambo mengi ambayo siwezi kukuambia mbele ya baba."

"Nilimwapia mtu niliyedhani anakufa," alisema Musab. "Sikujua njia ya kuvunja neno hilo kisha nije nikuambie wewe uniamini."

Afra alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. Bi Mardhiya alikuwa anatazama dirishani kwa bidii, kama kuna jambo kubwa barabarani.

"Josée atakupa ruhusa lini?" aliuliza Afra.

"Nitamwomba leo. Asiponipa nitaondoka bila ya ruhusa."

"Usiondoke bila ya ruhusa. Omba vizuri." Alivuta kiti, akakaa. "Njoo, Musab. Lakini usije kunieleza mvua. Njoo ukae hapa mezani unijibu kila nitakalokuuliza, mpaka niishiwe. Halafu ndiyo uniulize tena hilo la kuoa."

"Na ukishaishiwa, utanikubali?"

Afra alimtazama baba yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya chai iliyopoa.

"Nitakukubali," alisema. "Lakini maswali ni mengi."

Alikata simu. Bwana Soud aliinuka, akavaa kofia yake ya kiua kama anayetoka, akakaa tena karibu na simu, akafungua kitabu cha namba na kutafuta ya nyumbani kwao Asad. Aliwaomba wanawake wawili wampishe. Alisema maneno atakayoyasema kwa watu wale ni ya aibu, ni yake yeye, na hataki msaidizi.

Waliondoka, na Afra akauvuta mlango polepole. Wakiwa kwenye ukumbi walimsikia akikohoa, akisafisha koo, akisalimia, na halafu akianza kueleza, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi nyembamba, kwamba binti yake ana mtu.